Kamba ya Mgomba na Sikio la Injini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza, Yeye aliyeumba kikubwa na kidogo, akakitegemeza kikubwa juu ya kidogo. Namshukuru kwa jicho linalosoma maneno haya. Rehema na amani zimshukie Mtume wake na watu wa nyumba yake.

Sasa niwapange watu wa habari hii, ili msomaji asipotee.

Mkubwa wao ni Bibi Mwajuma, mjane wa miaka sabini na sita, mkazi wa Nyanga, Bukoba. Anayemfuata ni mwanawe Jamali, dereva, mwenye gari dogo jeupe lililozeeka. Kisha Ashura, mke wa Jamali, msemaji wa maneno machache. Kisha Projestus, jirani yao, naye pia dereva. Wa mwisho ni Agnetha, fundi umeme wa magari, mwenye karakana yake Bilele, mjini Bukoba.

Kila asubuhi Bibi Mwajuma huketi barazani na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mgeni akifika, Bibi humtilia punje chache kiganjani kabla ya neno lolote. Ndivyo alivyolelewa. Lakini mwaka huo punje zilikuwa zikianguka sakafuni. Bibi hakuona tena viganja vya watu. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni.

Jumatatu moja ya masika, simu ya Jamali ililia. Alikuwa muuguzi wa hospitali moja ya Muleba.

"Madaktari wa macho wamefika," muuguzi alisema. "Siku yao ya mwisho ni Alhamisi. Mlete mama siku hiyo kabla ya saa tatu asubuhi. Wakiondoka, hatujui watarudi lini."

Jamali alimweleza mama yake. Bibi akacheka.

"Nitauona uso wako tena? Basi unyoe ndevu, nisije nikakudhania marehemu baba yako."

Bibi aliwahi kuvunjika nyonga. Hawezi kubanwa kwenye basi. Ni lazima aunyooshe mguu katika kiti cha nyuma. Kwa hiyo safari yote ilitegemea gari la Jamali.

Na gari la Jamali lilikuwa na ugonjwa.

Jumanne, kwenye mlima wa Kemondo, njia ya Muleba, injini ilizimika ghafla. Haikukohoa wala haikutetemeka. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nyuma yake lilikuwapo lori lililobeba mawe. Jamali alikanyaga breki, akavuta ya mkono, akasoma kila dua aliyoijua. Lori lilimpita kwa upana wa kiganja.

Alishuka, akafungua boneti. Chini, ubavuni mwa injini, aliona soketi ndogo ya waya imelegea. Ulimi wake wa kufungia ulikuwa umevunjika. Aliisukuma ikaingia. Injini ikawaka.

Sasa sikiliza alichofanya. Mtu wa Kagera hukulia chini ya mgomba. Kamba ya mgomba hufunga ua, hufunga kuni, hufunga mkungu juu ya baiskeli. Basi Jamali alipofika nyumbani alikwenda shambani, akachuna kamba kavu, akailowesha ili ilainike, akaifunga soketi mizunguko saba.

"Mgomba haujamtupa mtu," alijisemea.

Jumatano asubuhi mvua ilinyesha. Gari lilizimika tena, safari hii mbele ya nyumba yake mwenyewe. Projestus alikuja na mwavuli, akachungulia.

"Waitu, ndugu yangu, jambo rahisi hili. Kata soketi, tupa. Sokota waya kwa waya, zungushia nailoni. Langu nimelifanyia hivyo, sasa yapata miezi mitatu."

"Na linakwenda?"

"Linakwenda. Likisimama, nalipiga teke, linakwenda."

Ashura alikuwa amesimama mlangoni. "Jamali," alisema, "mama hatapanda gari linalotaka mateke."

"Nitafanya nini? Safari ni kesho!"

"Lipeleke kwa Agnetha."

Projestus aliangua kicheko. "Kwa mwanamke? Ataipikia injini ndizi?"

"Akiipikia ikapona, utakuja kuomba ukoko," Ashura alijibu, akaingia ndani.

*

Jamali aliisukuma soketi tena, gari likafika Bilele kwa bahati. Agnetha alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alichungulia ndani ya boneti. Akachungulia tena.

"Kaka Jamali, hili ni gari au ni mzigo wa ndizi?"

Jamali aliinamisha kichwa. "Ilikuwa dharura, fundi."

Agnetha hakumcheka zaidi. Kwanza alilipima gari kwa mashine, na mashine ikataja hitilafu ya sensa, kile kifaa cha kuhisi kilichoungwa na soketi ile. Kisha akaondoa kichwa cha betri upande wa hasi. Akaikata kamba ya mgomba taratibu, akaivuta soketi, akamwekea Jamali kioo cha kukuzia.

"Tazama humo ndani."

Jamali alitazama. Aliona pini tatu, nyembamba kama miiba. Moja ilikuwa imefunikwa na unga wa kijani.

"Hiyo ni kutu ya shaba. Ilianza siku ulimi ulipovunjika, nawe umeizidisha," Agnetha alisema. "Kamba ya mgomba hunywa maji na kuyatunza. Wewe uliifunga ikiwa imelowa, mvua ikaiongezea. Umeinywesha soketi maji usiku na mchana."

"Na kazi yake ni nini hasa?"

Agnetha aligeuza ndoo, akaketi. "Sensa ni mlango wa fahamu wa gari. Hii ni sikio. Chini kule pana gurudumu la meno linalozunguka pamoja na injini. Sensa huyahesabu meno yale bila kuyagusa. Mahali pamoja meno hayapo. Lile pengo ni alama. Sikio likilisikia pengo, kompyuta ya gari inajua injini imefika wapi, na inajua wakati wa kurusha moto."

"Huhesabu upesi kiasi gani?"

"Ukipanda mlima kwa nguvu, injini huzunguka kama mara hamsini kwa sekunde moja. Kila mzunguko, sikio hulihesabu kila jino."

Alijaribu kutamka moja, mbili, tatu, akaona kwamba kabla ya ulimi wake kufika mbili, sikio lile dogo lingekuwa limehesabu mamia. Miaka tisa alikuwa ameliendesha gari hilo, naye hakujua kwamba chini ya miguu yake kulikuwa na msomaji asiyechoka, anayesoma bila kukosea herufi.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo.

"Na sisi tunasema atukuzwe Mungu," Agnetha alijibu. "Ndiyo maana silifungi sikio hili kwa kamba."

"Kwa hiyo sensa imekufa?"

"Nimeipima kwa mita. Nzima kabisa. Wengi hununua sensa mpya bure, kumbe mgonjwa ni soketi."

"Projestus alisema tuikate, tusokote waya."

"Waya zilizosokotwa tu hulegea kwa mtikisiko. Nailoni huyeyuka kwa joto la injini, maji huingia. Utafika Muleba leo, kesho hutafika. Na hutajua kesho hiyo ni siku gani."

Jamali alilikumbuka lori la mawe.

Agnetha alifungua kopo lenye soketi nyingi. Akatoa moja iliyofanana sana na ile ya zamani. Akazilinganisha, akatikisa kichwa. "Ina pini tatu, lakini mfereji wake uko upande mwingine."

"Ichonge kwa kisu, fundi! Tofauti ni unene wa ukucha tu."

"Mfereji huo umewekwa ili soketi isiingie mahali pasipo pake. Nikiuchonga, nimeondoa mlinzi."

"Mama yangu ana miadi kesho!"

"Kwa sababu ya mama yako sichongi."

Maneno hayo yalimkalisha chini. Agnetha alimpigia simu Rwegasira, muuza spea wa Muleba mjini, akamtumia picha ya soketi pande zote nne. Rwegasira akasema anayo, imekatwa kwenye gari la aina ileile, pamoja na waya zake. Angeituma kwa basi linalokuja Bukoba.

Jamali alisubiri. Adhuhuri ikapita, akaswali, akarudi. Kila basi lililopita alisimama. Saa tisa na nusu alasiri mfuko mdogo ukafika. Ndani yake mlikuwa na kitu kisichozidi punje tatu za kahawa zikiwekwa pamoja.

"Maisha ya mama yangu yamekuja ndani ya mfuko wa maandazi," Jamali alisema.

*

Agnetha alifanya kazi bila haraka, akieleza kila hatua.

Kwanza alizipiga picha waya za zamani na rangi zake. Kisha alikata waya mmoja tu, akauunga na mwenzake wa soketi mpya, ndipo akakata wa pili. "Ukikata zote pamoja utazichanganya," alisema. Kila waya aliukata kwa urefu tofauti, ili viungo visilaliane na kugusana.

Kabla ya kuunga, aliuvisha waya kimrija cha plastiki chenye gundi ndani. Aliingiza ncha mbili katika kibano kidogo cha shaba, akakibana kwa koleo lake maalumu. Akavuta waya kujaribu. Haukuachia. Kisha akakisogeza kile kimrija juu ya kiungo na kukipasha joto. Kimrija kikajikunja, kikaukumbatia waya, gundi ikachungulia pembeni. Maji yasingepata njia.

"Kwa nini waya mbili hizi umezisokota pamoja?" Jamali aliuliza.

"Nimezikuta hivyo. Kusokotwa kwake kunazuia kelele za umeme wa waya za jirani, sikio lisisikie uongo. Kilichopangwa na aliyejua, kirudishe kilivyopangwa."

Alizisafisha pini za sensa kwa dawa yake, akahakikisha mpira wa kuzuia maji umekaa. Akaisukuma soketi. *Tak.* Ulimi ukafunga.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usiposikia hiyo, kazi haijaisha."

Alizifunga waya mbali na bomba la moshi na mikanda, akarudisha betri, akawasha injini. Ikiwa inanguruma, alizitikisa waya kwa mkono. Injini haikushtuka. Alichukua kikombe cha maji, akakimimina juu ya soketi. Injini haikushtuka. Taa ya njano ya onyo kwenye dashibodi ilifutwa kwa mashine, na haikurudi.

Jamali aliondoka kabla ya magharibi, akiendesha polepole kama aliyebeba mayai.

*

Alhamisi waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Bibi Mwajuma alilala kiti cha nyuma, mguu umenyooka, kikapu cha kahawa kifuani. Mvua ilinyesha kwa nguvu zote. Kwenye mlima wa Kemondo maji ya matope yalipiga chini ya gari kama ngoma. Hakuna aliyesema. Kutoka kiti cha mbele, Ashura alimshika mama mkwe mkono. Jamali alisikiliza. Mara hamsini kwa sekunde, kila jino, katika giza na matope, sikio lilihesabu. Mlima ukaisha.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi aliuliza. "Mmefiwa?"

Jamali alicheka hadi machozi yakamtoka. Akamweleza mama habari yote, kamba, kutu na soketi.

"Kumbe na gari lako lilikuwa na mtoto wa jicho," Bibi alisema. "Na wewe ukalifunga kitambaa!"

Walifika saa mbili na nusu. Kwenye benchi refu wazee walikuwa wameketi bega kwa bega, macho meupe, wakisubiri majina. Jina la Mwajuma lilikuwa la tano. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Walilala hukohuko, na Ijumaa asubuhi muuguzi aliifungua bendeji ya jicho la kulia, lililopasuliwa. Bibi alipepesa. Aliutazama mkono wake mwenyewe kwanza, akaugeuza juu na chini, kana kwamba umeumbwa saa hiyo. Kisha akamtazama Jamali.

"Hukunyoa," alisema, akamgusa kidevu.

Wakati wa kurudi aliomba wapitie Bilele. Agnetha alitoka karakanani, mikono imejaa grisi. Na aliyeinama ndani ya boneti nyuma yake alikuwa Projestus, taa mkononi.

"Limenikatalia mateke," Projestus alisema. "Usimwambie Ashura."

"Nimesikia," Ashura alisema kutoka garini. "Ukoko umebaki."

Bibi Mwajuma alimwita fundi dirishani. "Lete mkono, mwanangu."

"Ni mchafu, Bibi waitu."

"Nauona."

Akachota kahawa kikapuni, akazitia punje katikati ya kiganja cheusi cha Agnetha. Haikuanguka hata moja.

Ee Mola, uliyeweka safari ya mja juu ya kitu kidogo kama punje, wahifadhi wanaotengeneza kwa uaminifu, na wanaopanda milima kwenye mvua. Na wale waliobaki kwenye benchi refu la Muleba, wakisubiri kuitwa, wafikishie zamu yao kabla daktari hajaondoka. Amina.