Jembe la Rozina na Maua ya Msituni

Kwa kulima, Rozina alikuwa hapitwi na mtu. Kijijini kwao, nje kidogo ya Sumbawanga, wenzake wakiamka wanapiga miayo, yeye ameshatoka shambani. Kuitwa mvivu kulimuuma kuliko kutukanwa.

Miaka mitano nyuma, wanakijiji walipanda miombo na mininga kwenye kilima kilichokuwa kipara. Kila familia ilipewa kipande cha kutunza na mzinga mmoja wa nyuki. Sharti ni moja: mzinga ukikaa mtupu misimu miwili, unapewa familia nyingine.

Msimu wa kwanza nyuki wa Rozina walikaa wiki tatu tu, wakahama. Jamani, aliumia! Vipande vya wenzake vilijaa majani na maua, na asali walikula. Chake kilikuwa safi. Alikipiga ntumba kote, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze, yawe mbolea.

"Labda nyuki hawakupendi," mumewe Nestory alimtania.

"Nyamaza, baba Edith! Mzinga ukichukuliwa, uso wangu nitauweka wapi?"

Machi ilipofika, akabeba jembe tena, akaanza kulima kipande chake. Hajafika mbali, Suma akatokea na pikipiki. Huyu dada wa Mbeya ndiye ofisa misitu wao.

"Shikamoo, mama Edith. Hebu subiri kwanza. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nafanya usafi. Au unataka niitwe mvivu?"

Suma alichuchumaa. Akaokota kitu kidogo kama kitunguu, kimesinyaa kwa jua.

"Hili ni shina la ua, mama. Hulala chini, mvua ikija linachanua. Jembe limelipindua."

"Lakini nyuki si wanakula maua ya miti?"

"Miti ipi? Hii bado michanga, haijachanua. Kwa sasa nyuki wanakula huku chini. Ukifukia maua, umefukia chakula chao."

Rozina akakaa chini kabisa. "Maskini mimi! Kumbe nimewafukuza mwenyewe."

"Hukujua, mama. Ntumba ni nzuri, ila shambani. Hapa fyeka tu majani yanayosonga miche. Jembe lako lilime barabara ya moto pembeni, moto wa kiangazi usiingie."

Kuacha majani yale kulimtesa. Wapita njia waliuliza, "Mama Edith, siku hizi umechoka?" Aliendelea kulima barabara ya moto.

Mvua za Novemba zilipoanza, maua yaliyosalimika yakachanua, ya njano na ya zambarau. Watoto walipita katikati ya miti wakiyaita majina ya Kifipa. Nyuki wakaja. Safari hii hawakuondoka.

Siku ya ukaguzi wa mizinga, Hellena, katibu wa kikundi cha wafuga nyuki kijijini, alijaribu kuunyanyua mzinga, ukamshinda kwa uzito.

"Mama Edith, mzinga ni wako," alisema. "Ila kipande chako kimekuwa pori!"

Nestory akainua jembe. "Nikusafishie, mke wangu?"

"Thubutu!" Rozina alifoka, machozi ya furaha yakimtoka. "Nyuki wangu wanakula!"