Kumsindikiza Mgeni

Mlango uligongwa kabla mwalimu hajamaliza kufungua sanduku la pili. Aliyegonga hakusema hodi. Aligonga polepole, chini kabisa karibu na kizingiti, kama mtu anayetumia ncha ya kiatu. Mwalimu alikuwa na shati mkononi. Akasema alivyozoea kusema tangu utotoni, bila hata kuinua kichwa:

"Karibu."

Mlango ukafunguka taratibu. Barazani hapakuwa na mtu. Iliingia tu harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na siku nzima mvua ilikuwa haijanyesha. Binti yake wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kutulia, akachungulia kutoka chumbani.

"Nani, baba?"

"Upepo."

"Sasa upepo nao unakaribishwa?"

Wakacheka. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu wamzike mama yake.

Kwa ajili ya msiba huo alikuwa amekubali kazi ya kufundisha sayansi katika nchi asiyoijua. Alidhani huzuni haina pasipoti. Shule yenyewe ilikuwa nzuri, ila kila kitu kilikuwa kando kidogo ya mahali pake. Wanafunzi hawakusimama mwalimu akiingia. Chaki zilivishwa karatasi ili vumbi lisishike vidole. Katika chumba cha walimu salamu ilikuwa neno moja, ukilijibu mmemalizana. Hakuna aliyeuliza habari za nyumbani. Na nyumba za walimu, zilizopangwa nyuma ya maabara, milango yake ilifungwa mchana kutwa.

Wiki ya pili, akiwa anasahihisha mitihani nyumbani alasiri, alisikia kandambili koridoni. Moja ilipiga sakafu, nyingine iliburutwa. Kalamu ikasimama. Mkewe aliwahi kuvunjika kifundo cha mguu, na tangu hapo alitembea hivyo: pa, shaa. Pa, shaa. Sauti ikafika mlangoni pa chumba, ikatulia. Hakwenda kutazama. Aliogopa kukuta mtu, na aliogopa zaidi kukosa mtu.

Asubuhi yake alikuta shati limepigwa pasi, limetundikwa kitini. Lilikuwa limegeuzwa ndani nje, pasi imepita juu ya mishono. Aliligeuza, akalivaa, akaenda kazini. Hakumwambia mtu. Mfiwa huridhika na kidogo.

Kilichomtoa katika ukimya huo ni nywele za Chiriku. Alirudi kutoka darasani akamkuta mtoto amekaa sakafuni, ameupa mlango mgongo, amesukwa. Mistari ilikuwa imenyooka na kubana, lakini ilianzia kisogoni ikaja mbele, na ncha zake zilining'inia juu ya macho. Kichwa kilinuka udongo.

"Nani kakusuka?"

"Mama." Alikuwa amepungua maneno siku hizo, na baba yake alidhani ni ugeni. "Anasema kwake kuna nafasi. Anasema Ijumaa tukiwa tayari tutakwenda, mimi na yeye."

"Na mimi?"

Mtoto akafikiri kidogo. "Wewe hakukutaja."

Jirani yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mzee mrefu ambaye wanafunzi walimpa jina la Kipenyo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kufunga dirisha.

"Siku mlipofika, mlango uligongwa?"

"Uligongwa."

"Ukasemaje?"

"Nilisema karibu."

"Bila kumwona?"

"Kwetu karibu haingoji sura, mzee."

"Katika nyumba hizi tunauliza nani, hata kama ni mama mkwe." Akashusha sauti. "Hasa mama mkwe."

Hakuna aliyecheka.

"Mbona hukuniambia?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Ni kama kumwambia mtu asilale barabarani. Unadhani anajua." Kipenyo alikunja mikono. "Hilo ni jini, si mkeo. Linachukua umbo la pengo linalolikuta. Wala halifukuzwi, maana ni mgeni wako, uliliita mwenyewe. Utalisindikiza. Alasiri, saa za kuja kwake. Wewe tangulia, lenyewe likufuate nyuma. Ukifika lango la nyumba hizi, lipishe lipite. Usigeuke. Usilitaje kwa jina la marehemu. Na usiliage."

"Hata kwaheri?"

"Hata kwaheri."

Alhamisi alasiri alimshika Chiriku mkono, akamwambia mama ana safari, na kwamba wataenda naye kimya mpaka langoni, hakuna kusema kwaheri. Chiriku akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akafungua mlango, akasema akielekea koridoni, "Mgeni, twende nikusindikize," na sauti yake ikamtoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

Pa, shaa.

Wakashuka barazani, wakapita nyuma ya maabara ambako mabomba yalidondosha maji kwenye sinki tupu, na kandambili zikawafuata, mwanzo kwa mbali, kisha karibu, kisha karibu mno hata akahisi ubaridi shingoni na harufu ya udongo ikaanza kuchanganyika na harufu ya nguo iliyopigwa pasi, ile aliyoamka nayo kila asubuhi ya ndoa yake, na sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikamwambia taratibu, "Baba Chiriku, hunitazami?" naye akauma ulimi mpaka akaonja damu, machozi yakimshuka, shingo ikiuma kwa hamu ya kugeuka, akaendelea kutembea, mkono wa mtoto ukitoka jasho ndani ya mkono wake, mpaka wakafika langoni, akasogea kando na kufumba macho.

Kitu kikawapita. Pa, shaa. Kokoto zikalia nje ya lango, kisha zikanyamaza.

Akafumbua macho. Njia ilikuwa tupu. Harufu ilikuwa imekwisha. Pale barazani kwake Kipenyo alikuwa amesimama, naye akainua mkono taratibu kuonyesha kwamba imetosha. Mwalimu akavuta pumzi iliyofika tumboni. Alijua amemzika mkewe mara ya pili, na kwamba safari hii ameokoa mtu.

Akamtazama binti yake. Chiriku alikuwa ameikazia macho njia ile tupu, uso umemwiva kwa haya, kama mtoto aliyeona wakubwa wakikosa adabu. Kwaheri alikatazwa, naye hakuisema. Lakini mama yake alimlea, na mgeni akiondoka haachwi aende hivi hivi.

"Karibu tena," akasema.

Jibu halikutoka njiani. Lilitoka nyuma yao, ndani ya nyumba waliyoiacha wazi, kwa sauti ya mwenyeji aliyekwisha vua viatu.

"Asante, mwanangu. Nimeshakaribia."