Nyumba Isiyoagwa

Kwaru, kwaru, kwaru.

Haitham aliisikia sauti hiyo kabla hajamwona mtu. Boti ya kutoka Unguja ilikuwa imekwisha funga gati Mkoani na abiria walikuwa wakimwagika bandarini na ndoo zao, magodoro yao, maboksi ya feni na kuku waliofungwa miguu. Wachukuzi wanaita, madereva wa teksi wanagombania watu wa Wete na wa Chake. Lakini juu ya zogo lote hilo kitu kilikuwa kikilia kama bawaba yenye kutu, na Haitham alikuwa fundi seremala; sikio lake halikuweza kuvumilia kitu kibovu kinachotengenezeka. Akaliweka chini boksi la vanishi alilokuja kulipokea na kugeuka.

Lilikuwa sanduku kubwa la rangi ya zambarau, vibandiko vya viwanja vya ndege vimepandana juu yake hadi rangi haionekani vizuri, gurudumu moja limepinda. Aliyelivuta alikuwa msichana mwembamba, abaya la kijivu, raba nyeupe, mtandio wa rangi ya chungwa uliomteleza kwa jasho.

"Dada, sanduku lako linalia."

"Lizoee. Linalia tangu Toronto."

"Huko hakuna mafundi?"

"Wapo. Ila kila tukisema tulitengeneze, tunahama."

Haitham akacheka, akainama kulinyanyua. Msichana akaruka.

"Wee mwana weye! Litwae taratibu, usije ukanivunjia vitu vya watu!"

Haitham akasimama wima na sanduku mkononi. Sura ya kigeni, viatu vya kigeni, lakini maneno yale na ule mvuto wa sauti mwishoni vilikuwa vya vikongwe wa Chake Chake.

"Kipemba hicho umekiokota wapi? Unasema kama marehemu bibi yangu."

"Mimi nasema kama bibi yangu aliye hai. Kwani kuna Kipemba kingine?"

"Kipo. Cha vijana. Ukitaka nitakufundisha."

"Kwa bei gani?"

"Nitakutengenezea na gurudumu, bure."

Jina lake lilikuwa Sakina. Baba yake, Husein, alikuwa mhandisi wa mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, na palipojengwa mtambo ndipo familia ilipohamia. Sakina alizaliwa Maskati, akaanza kutembea Karachi, akajua kusoma Leicester, akavunja ungo Toronto, akarudishwa Maskati. Kila mahali walikuwapo yeye, wazazi wake na Bi Zohrabai, bibi yake mzaa baba, Mhindi aliyezaliwa Chake Chake nyuma ya duka la vitambaa, akaondoka na mume na mtoto mdogo zamani sana. Katika nyumba zote hizo za kupanga, Kipemba kilikuwa cha bibi na mjukuu tu, jikoni. Ile nyumba ya Chake Chake walimwachia shoga yake bibi aitunze, na alipofariki shoga, ufunguo ukabaki kwa bintiye, Bi Mwatima. Sakina sasa alikuwa mtu mzima, akichora nakshi za vitambaa kwenye kompyuta na kuziuza popote. Amekuja kuiona nyumba. Wiki mbili, alisema.

Wiki mbili zilipita, na hakuondoka.

Haitham alilitengeneza gurudumu, lakini vibaya kwa makusudi, ili arudi kulitazama tena. Kisha akarekebisha dirisha, kisha ngazi. Bi Mwatima, aliyekaa barazani kila fundi alipokuwamo ndani ili mtaa usipate la kusema, alipiga miayo na kuuliza, "Haitham mwanangu, nyumba hii ina misumari mingapi mpaka usimalize?"

Siku moja akamkuta Sakina amepiga magoti sakafuni, anachagua nguo sandukuni.

"Mbona hutundiki?"

"Nitundike wapi? Sijapata kuwa na kabati."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Mama anasema kabati ni kazi mara mbili, kupanga na kupangua."

Haitham akainuka. Alikwenda karakana, akatoa mbao za mvule alizokuwa amejiwekea, akaanza. Rafiki yake Silima, aliyekuwa akipiga randa upande wa pili, akamchungulia.

"Yakhe, hilo la nani?"

"La mteja."

"Kalipa?"

"Atalipa."

"Atakulipa kwa macho yale," Silima akasema, na wakarushiana maranda hadi wote wakawa weupe.

Simu za jioni zikaanza.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Weye je?"

"Nimepika wali wa nazi, umeungua. Bi Mwatima kaula kwa heshima tu."

"Niwekee ukoko."

"Wa nini?"

"Uliouunguza weye siuachi ukaliwa na kuku."

Kabati lilipoingia nyumbani lilikuwa na milango miwili yenye nakshi ya vikonyo vya karafuu. Kishikio kimoja tu kilikosekana. Haitham alikuwa bado anakichonga. Sakina aliufungua mlango na kuufunga, akaufungua tena. Macho yakamjaa maji.

"Ijumaa ijayo," Haitham akasema, "nataka mama yangu aje kutoka Ole. Aje kukuposa."

Sakina akaufunga mlango wa kabati. "Aje kwa nani, Haitham? Nyumba hii haina mzee wangu hata mmoja. Wote wamo Maskati, wanafungasha. Baba kapata mtambo mwingine, Australia. Wanahama mwezi ujao, na bibi wanaye, na wananingoja mimi."

"Na weye?"

"Nipe muda nifikiri."

Asubuhi yake Haitham alikuja na kishikio mfukoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Kenda," Bi Mwatima akamwambia, ufunguo mkononi. "Alfajiri, na teksi ya uwanja wa ndege. Na lile sanduku lake. Nalisikia likilia mpaka kona."

"Kaniachia neno?"

"Hakuacha neno kwa mtu, mwanangu. Hata mie sikuagwa."

Uso wa Haitham uliwaka. Pemba mtu akisafiri, hata kwenda Unguja kutibiwa jino, huzunguka kwa jirani akaomba radhi: nikikukosea nisamehe, njiani kuna mengi. Asiyeaga ni mwenye kukimbia. Na yeye alikuwa na sababu yake zaidi. Baba yake, Haroub, alitoka alfajiri moja kwenda Uarabuni, hakuaga mke wala mtoto, na mpaka leo wanamngoja.

"Ingia basi utie kishikio," Bi Mwatima akamwambia. "Umalize kazi yako."

"Siingii nyumba niliyokimbiwa."

Simu yake ililia. Ilikuwa Sakina, yuko uwanja wa ndege Unguja. Aliiacha ilie. Ikalia tena. Ndipo akaandika, maana hasira ikimpata yeye hutoka kwa vina:

*Ndege haagi kiota, huruka akapotea,*
*nami sitaki kuota, la kwisha nikalilia.*

Akaituma, akaifunga namba yake isimpate tena.

Maskati, Sakina aliyasoma maneno yale akiwa amekaa juu ya zulia lililokunjwa. Nyumba nzima ilikuwa maboksi. Alipiga, simu haiingii.

Baba yake alikuwa akibandika utepe kwenye boksi. "Mpemba," alisema, bila ukali. "Mama, unamsikia mjukuu wako? Tumezunguka dunia nzima, yeye anataka kurudi tulikoanzia."

"Nyie mmezunguka," Bi Zohrabai akasema. Alikuwa amekaa kitandani, gauni refu la buluu, mtandio mweupe, kikombe cha chai magotini. "Mie nimezungushwa."

"Bibi, twende," Sakina akasema. "Sina mtu wa kunipokelea posa. Twende unipokelee."

"Siwezi, mwanangu. Unajua mila yetu sisi."

Sakina aliijua. Ndiyo mila pekee iliyosafiri nao nchi zote: *hatuagi*. Bi Zohrabai alipoondoka Chake Chake alizunguka mtaa mzima kuaga. Aliaga Waislamu na Mabaniani, akamwaga mwalimu wa chuo cha Kurani, hata mbuzi wa jirani alimwaga. Na hakurudi. Tangu hapo akaapa, na nyumba nzima ikafuata, kwamba mahali unapotaka kurudi huagi; unafunga mlango polepole na kuondoka kama mtu anayekwenda sokoni. Toronto waliiaga. Leicester waliiaga. Chake Chake, alfajiri ile, Sakina hakumwaga mtu.

"Mie niliaga," bibi akasema. "Mtaa wote. Basi yalikwisha."

"Uliwaaga watu. Na nyumba uliiaga?"

Bi Zohrabai alikiweka kikombe chini.

"Nyumba… la. Nilifika mlangoni nikashindwa. Baba yako alikuwa mgongoni analia, nikageuka tu nikaenda."

"Basi, bibi."

"Basi nini?"

"Hukuiaga."

Husein aliacha utepe. Kikongwe alikuwa ameanza kuzitafuta ndara zake.

Kule Ole, Bi Mwanakhamis, mama yake Haitham, alikuwa akianika karafuu kwenye jamvi na kumsikiliza mwanawe akilaani. Alimwacha hadi akaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kabati la watu umelimaliza?"

"Mama, mie nakwambia nimeachwa, weye waniuliza kabati?"

"Uliahidi kishikio. Baba yako ndiye wa kuacha mambo nusu. Weye sikukulea hivyo. Ondoka mbele yangu."

Haitham akaenda, uso umemvimba. Bi Mwatima alimfungulia, akakaa barazani pake. Chumbani kulikuwa na harufu ya mbao mpya. Akatoboa, akakaza skrubu, akashika kishikio na kuvuta ili akijaribu.

Mlango ukafunguka. Ndani, nguo zimetundikwa. Zote: lile abaya la kijivu, magauni, koti zito la baridi ya Toronto ambalo Pemba halina kazi. Raba nyeupe zimepangwa chini. Kompyuta iko rafuni, imefunikwa kwa mtandio wa rangi ya chungwa.

"Bi Mwatima!" alipiga kelele. "Lile sanduku lilikuwa na nini?"

"Na nini? Likipepea kama boksi tupu, mwanangu! Dereva alilinyanyua kwa kidole!"

Haitham aliketi sakafuni. Akaifungua namba, akapiga.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mie."

"Mie nani? Mie ninayemjua kanifungia mlango."

"Sakina, nguo zako zimo kabatini."

"Ulitaka ziwe wapi? Si umenichongea kabati?"

"Umeondoka hukuniaga!"

"Kwetu huagwa mahali pasiporudiwa, Haitham! Kama ningekuaga, ndipo ungelia!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia naondoka, si ndiyo kuaga kwenyewe?"

Haitham akajipiga paji la uso. Upande wa pili alisikia kicheko kidogo, na nyuma ya kicheko sauti ya kikongwe ikiuliza: "Ndiye huyo mshairi? Mwambie hukukipanda kiota. *Kiota hukukipanda, manyoya yangali mle.* Mwambie mie ndiye niliyemtungia!"

"Umesikia?" Sakina akauliza.

"Nimesikia. Nisamehe, roho yangu. Nina moto wa karibu."

"Nakujua. Njoo bandarini Jumatano na moto wako, uje utubebee mizigo."

Jumatano, Haitham alisimama Mkoani na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua mama yake aliyomshonea mwenyewe. Silima alikuwa pembeni, akimcheka jasho lake. Watu wakashuka, zogo likapanda, naye hakumtafuta mtu kwa macho. Aliinamisha kichwa tu na kusikiliza.

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Hilo gurudumu," alisema walipokaribia, "nilikwambia nimelitengeneza."

"Ulilitengeneza vibaya makusudi," Sakina akasema. "Nalijua siku ile ile."

Bi Zohrabai alikuwa amemshika Sakina mkono, akitazama kila upande kama anayetafuta mtu wa kumdai au kumpokea. Haitham akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye ndiye mwenye vina?"

"Ndimi."

"Mstari wa pili ulipwaya kidogo. Litwae sanduku."

Ijumaa hiyo Bi Mwanakhamis aliingia kwenye nyumba ya Chake Chake na sinia la halua na jagi la kahawa, buibui jipya limefukizwa udi. Bi Mwatima alikuwa ameleta jirani wawili zaidi ya nafasi iliyokuwapo. Mmoja wao akanong'ona, si polepole vya kutosha, "Mhindi kwa Mpemba?"

"Mie nilikuwa Mpemba kabla mama yako hajaota meno," Bi Zohrabai akamjibu, na baraza nzima ikaangua kicheko.

Husein alikuwa kwenye simu kutoka Maskati, sura yake imejaa kioo kilichoegemezwa kwenye birika. Alikuwa ametoa idhini yake kwa maneno machache, kisha akaomba aoneshwe dirisha la chumba alichozaliwa.

Sakina alikaa nyuma ya bibi yake, kanga mbili mpya, hina mikononi imeshika vyema.

"Bi Mwanakhamis," Bi Zohrabai akasema, "nimeisikia posa yako na naikubali. Lakini nina swali kwa kijana. Sisi ni watu wa kuhama. Huyu atakwenda Australia kumwona mama yake, atakwenda kwenye kazi zake, na miguu yake imezoea. Asubuhi moja utaamka, hayupo, na hajaaga. Utafanya nini, mwanangu?"

Haitham alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaza macho kwenye sinia, kwa sababu alijua swali lile lina uzito gani kwa mwana wa Haroub. Kisha akamgeukia kikongwe, na akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Nitafungua kabati kwanza, bibi, nitazame nguo. Halafu nitakuja kukaa na weye hapa barazani, tunywe chai, tumngoje. Nakuahidi mbele ya mama yangu: sitafunga simu, sitafunga mlango, na nyumba hii, mie nikiwa hai, hapana mtu atakayeiaga."