Madoa kwenye Gari la Baba Mkwe

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa kiwanda chake: cherehani moja, meza ya kukatia na marundo ya vitambaa. Kwa kawaida alishona huku akitania wateja. Lakini wiki hiyo hakumtania mtu. Uani kwake kulikuwa na gari la baba mkwe.

Lilikuwa gari kuukuu, jeusi, lenye bampa na kingo za madirisha za chuma cha kung'aa, kile ambacho mafundi hukiita nikeli. Mzee alilipenda kama mboni ya jicho lake. Aliposafiri kwa siku nne, alimwachia Fundi ufunguo. Tangu Fundi amwoe binti yake, miaka tisa sasa, mzee hakuwahi kumkabidhi kitu.

"Usiliendeshe," mzee alimwambia. "Liangalie tu. Nataka nilikute kama nilivyoliacha."

Fundi aliona haitoshi kuliangalia tu. Kila siku, jua likiwa utosini, aliliosha kwa maji ya kisima, kisha akarudi kwenye cherehani na kuliacha likauke lenyewe. Alijiona mkwe hodari kweli kweli.

Siku ya nne alitoka na kitambaa ili alifute vumbi. Vioo vyote vilikuwa na madoa meupe ya duara, mamia kwa mamia. Bampa nazo zilikuwa na madoadoa. Akafuta, hayakutoka. Akasugua kwa sabuni, hayakutoka.

"Mama Kipusa! Njoo uone!"

Mkewe alikuja, akashika mdomo. "Baba anafika saa kumi."

"Najua anafika saa kumi! Atasema nimemharibia gari."

"Sugua kwa waya wa sufuria."

Fundi alichukua waya, akausogeza karibu na kioo. Je, ukikwaruza? Akauweka chini, akampigia simu rafiki yake wa gereji.

"Hayo hayaogopi sabuni," rafiki alisema huku mashine zikipiga kelele nyuma yake. "Tafuta asidi kidogo, isiyo kali." Simu ikakatika kabla Fundi hajauliza zaidi.

Fundi alishika neno moja tu: asidi. Na asidi aliyoijua ilikuwa moja. Stooni kulikuwa na maji ya betri, yaliyobaki walipotengeneza betri ya taa. Yalikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Aliileta mbio, akafungua kifuniko kwa haraka, na matone mawili yakamrukia kwenye suruali. Akaruka nyuma, lakini hakujali. Aliiweka chupa kwenye ngazi ya mlango, wazi, akaingia ndani kutafuta kitambaa.

Wakati huohuo binti yake, Kipusa, alikuwa anarudi kutoka shuleni. Jua lilikuwa kali na koo limemkauka. Aliona chupa ya maji kwenye ngazi. Aliinyanyua.

"Kipusa! Weka chini!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Alikuwa jirani yao, Mama Vioo, anayekata na kuuza vioo vya madirisha. Alikuwa amemwona Fundi akiruka matone yalipomwagika, naye alikuwa njiani kuja kuuliza kulikoni. Kipusa alishtuka, akaiweka chini taratibu. Chupa ilikuwa imebaki shibiri moja tu kufika mdomoni.

Fundi alitoka na kitambaa mkononi. Aliona chupa, akamwona mwanawe, akaelewa. Akakaa palepale sakafuni.

"Hujaonja? Niambie ukweli, mwanangu. Hujaonja?"

"Sijaonja, Baba. Nina kiu tu."

Mama Vioo aliifunga chupa kwa uangalifu. Kisha akaitazama suruali ya Fundi. "Imekumwagikia? Ivue, uoshe mguu kwa maji mengi yanayotiririka. Dakika ishirini, si chini ya hapo. Na wewe Kipusa, nawa mikono vivyo hivyo."

Fundi alijiosha kwenye bomba la uani akiwa amejifunga taulo. Mkewe alipoisuuza ile suruali, kitambaa kilichanika kama karatasi iliyolowa. Fundi alilitazama lile tundu. Yeye alijua ugumu wa kitambaa kile, alikishona mwenyewe. Akawaza koo la mtoto, akaanza kulia bila kujificha.

"Lakini fundi wa gereji alisema asidi," alisema.

"Alimaanisha siki," Mama Vioo alijibu. "Siki ya jikoni nayo ni asidi, ila dhaifu. Maji ya kisima chetu yana chokaa. Yakikauka juani, chokaa inabaki. Siki huiyeyusha. Lete chupa ya siki, dada yangu."

Mkewe alileta siki. Mama Vioo akachanganya nusu siki na nusu maji safi. Alilowesha kitambaa laini, akakilaza juu ya doa.

"Dakika mbili. Usiache kikauke. Sasa futa polepole, suuza kwa maji mengi, kausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Waya na mchanga marufuku, vinakwaruza."

Doa lilikuwa limetoweka.

"Na nikeli?" Fundi aliuliza.

"Vilevile, ila usikawie. Nusu dakika, unasuuza. Na usiiache siki kwenye rangi. Wala usiichanganye na dawa ya kung'arisha nguo. Hewa yake ni sumu."

"Na nifanyeje madoa yasirudi?"

"Osha kivulini, shemeji. Kausha palepale. Gari si shati la kuanikwa juani."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Fundi alicheka, kisha akaanza kuyafuta madoa yaliyobaki.

Saa kumi mzee alifika, akapokea ufunguo wake. Alilizunguka gari mara mbili. Akapitisha kidole kwenye kioo, kisha kwenye bampa. Vyote viling'aa.

"Umeliosha," alisema.

Fundi angeweza kuitikia tu na mambo yakaishia hapo. Lakini alimtazama Kipusa. Alieleza yote: madoa, simu, chupa, ngazi. Alisubiri mzee afoke.

Mzee hakufoka. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua buti, akapapasa kando ya tairi la akiba. Akatoa chupa ya maji ya kunywa, haina maandishi, imejaa nusu.

"Ya betri," alisema. "Imo humu tangu mwaka juzi. Na wajukuu huwa nawapakia kwenye gari hili hili."



"Asidi haikai kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata ukiiandika jina," Mama Vioo alisema kwa upole. "Zisimamisheni zote mbili ndani ya ndoo, mzipeleke kwa fundi wa betri. Leo hii."

Mzee aliziweka chupa ndani ya ndoo, moja baada ya nyingine. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea mkwewe.

"Endesha wewe," alisema. "Mimi mikono inatetemeka."