Kamera Haikusimama Mlangoni

Magharibi ilikuwa inaingia nilipobeba kompyuta yangu kwenda kwa Ayubu, pale Gatete, kumwonyesha tangazo lake la katuni. Ayubu alikuwa mganga. Mwenyewe alipenda kuitwa Dokteri. Miwani nyeusi ndani ya nyumba, pete kila kidole, na kibao barabarani: anarudisha waume, anafukuza majini. Nimekulia Rumonge, wababaishaji wa namna ile nawajua kwa harufu. Lakini kazi ni kazi.

Alitaka achorwe akifukuza jini kwenye nyumba ya watu. Nilimpangia kiolezo changu cha kawaida: visanduku vya michoro kwa mfuatano, na chini ya kila kimoja nafasi ya maneno yake ya kujisifu. Kamera ya ndani ya programu niliianzisha mbali, juu ya ziwa. Isogee polepole hadi kwenye nyumba, isimame mlangoni. Mlango umefungwa. Ndani sikuchora kitu. Nijichoshe kwa ajili ya nani?

"Amahoro, binti yangu," alisema, amekaa kama mfalme. "Onyesha."

Nikabonyeza.

Ziwa likapita. Michikichi ikapita. Nyumba ikakaribia.

"Hapo ndipo mimi natokea," akanong'ona, meno yote nje.

Mlango ukajaa kwenye kioo...

Kamera haikusimama.

Iliupenya mlango kama moshi. Nikabonyeza kuisimamisha. Ikaendelea tu. Chumba. Kitanda cha kamba. Dirisha lililopigiliwa mbao. Na sakafuni, mwanamke ameketi, ametugeuzia mgongo. Mistari ile haikuwa ya mkono wangu.

Kukaanza kunuka mawese yaliyoungua.

"Nani alikuambia?" Ayubu akauliza. Sauti yake ilikuwa imekonda.

"Kuniambia nini?"

"Ile mbao... ya dirisha. Nani alikuambia?"

Kwru... kwru...

Kucha juu ya mbao. Nikaifunika kompyuta kwa nguvu. Sauti haikukatika. Ilikuwa imo humo chumbani, pamoja nasi.

Kwru...

Dharau ilinitoka kabla ya woga. "Dokteri, si wewe unafukuza majini? Hilo hapo. Lifukuze."

Hakusoma dua, hakugusa hata chupa moja ya dawa zake. Alitoka mbio kwa mlango wa uani, analia kama mtoto, akaniacha peke yangu na zile kucha.

Alipotoka tu, zikanyamaza.

Mama Asmani, jirani yake anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alinikuta barazani. Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Alikuwa na bibi, mke wake wa ndoa, kule Kizuka. Kadidja," alisema kwa sauti ya chini. "Akasema iko na jini. Akamufungia ndani, akapigilia dirisha, akamufukizia dawa ya mawese. Watu walipokuja kufungua..." Akatema mate. "Akasema jini ndiye ameua. Na sisi wajinga tukaamini."

"Sasa huyu niliyemwona, amechorwa na nani?"

"Usiniulize mimi, mwanangu. Nenda kwenu."

Asubuhi simu ikaita. Alikuwa Ayubu.

"Dada Nadia." Jana nilikuwa binti yake. "Niko Nyanza-Lac, huku kusini. Hiyo kamera... iko wapi sasa?"

Nikafungua kompyuta. Chumba kilikuwa kitupu, mlango wazi. Kamera ilikuwa imetoka nje. Ilifuata barabara ya kusini, kando ya ziwa, taratibu, kwa mwendo uleule niliouweka mimi. Kwenye ukingo wa chini wa picha, kila baada ya kitambo, ncha ya mguu mtupu wa mwanamke ilitokea, ikarudi nyuma, ukatokea mwingine.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nilimsikia anavyohema upande wa pili, anangojea huruma.

Nikakiondoa kidole.

"Iko njiani," nikamwambia.