Jezi Namba Kumi na Sita

"Usilipite lori. Likisimama, simama."

Sauti ya Naftali, kutoka Nairobi, kwenye kidude kilichojificha ndani ya sikio.

Keziah Moraa alikuwa kwenye usukani. Aligonga kioo cha saa yake ya Casio kwa ukucha, yaani amesikia, akakanyaga mafuta. Camry nyeupe ikachomoka. Jangwa kushoto, jangwa kulia, lami katikati imenyooka mpaka inaudhi.

Mbele yake lilikimbia lori la Valmer.

Valmer ni timu ya ligi kuu ya Ufaransa. Ilikuwa imekuja Saudia kwa kambi ya majira ya baridi. Mechi moja ya kirafiki ilichezwa Jeddah, nyingine ilikuwa ichezwe Riyadh. Wachezaji walipanda ndege. Mipira, viatu na jezi vikapanda lori. Na ndani ya vifaa hivyo, Idara ya ujasusi ya Kenya iliamini, kulikuwa na vidonge vya kulevya vya kuwapagawisha nusu ya vijana wa Riyadh.

Mwenye vidonge alijulikana. Hezron Wasike. Mkenya, tena mwenye maneno matamu. Nairobi alijiita wakala wa wachezaji, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kumfikisha popote. Alichopeleka Saudia ni madereva. Mzigo ukipita, Hezron anakula. Mzigo ukikamatwa, dereva anakamatwa nao, na Hezron anarudi nyumbani kutafuta dereva mwingine. Wawili walikuwa gerezani wakati huo huo, wakisubiri upanga.

Na Naftali, mkuu wa operesheni, mtu wa kiti cha ngozi na chai ya tangawizi, alikuwa ameshaamua. Wasaudi wanataka mzigo na mtu. Wapewe dereva. Hezron atashikwa siku nyingine, akiwa na mabwana zake wakubwa. Alilisema hilo bila hata kupepesa, kama mtu anayeagiza samosa.

Keziah alimchukia kwa hilo. Chuki safi, isiyo na haraka.

Lori likakata kona, likaingia kituo cha mafuta.

Camry ikafuata.

Alijipanga upande wa pili wa pampu, akarekebisha mtandio na abaya yake. Karatasi zake zilisema yeye ni dereva wa madam mmoja wa Al-Nuzha, Jeddah, anampelekea gari Riyadh. Karatasi zilikuwa nzuri. Aliziandaa mwenyewe.

Ubavuni mwake ilikuwa imesimama Hiace nyeupe yenye nembo ile ile ya Valmer, mnara wa buluu. Dereva wake ameegemea mlango anatafuna shawarma, na alipomtazama Keziah usoni akatabasamu hadi magego.

"We ni Mkenya," akasema. Wala hakuuliza.

Aliitwa Onesmus. Kabla shawarma haijaisha Keziah alikuwa ameshajua habari zake zote: kwao ni Mwala, kafili wake, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi, yuko Al-Shumaisi, na mkewe Fridah amejifungua mtoto wa kike ambaye baba yake hajawahi kumshika. Alikuwa mtu wa kucheka. Alisema kazi hii ya mpira ndiyo tamu kuliko zote, maana kila kizuizi askari wakiona ule mnara hawafungui hata mlango. Wanapiga selfi, halafu wanamwambia yalla, pita.

Kisha akageuka kutupa karatasi ya shawarma, na Keziah akauona mgongo wake.

MARCHAND. Chini yake, namba 16.

"Jezi umetoa wapi?"

"Bosi amenipea. Original kabisa, dada. Ya straika wao. Huko nyuma ziko maboksi na maboksi."

Keziah aliisoma tena ile namba.

Alikuwa amedaka mpira miaka mingi kwenye timu ya polisi kabla Idara haijamchukua, na Idara ikamweka Marseille, ambako kila wikendi alikuwa uwanjani. Kwenye ligi ya Wafaransa, kwa desturi, moja, kumi na sita na thelathini ni namba za makipa. Straika wa timu ya Ufaransa hapewi kumi na sita, hata awe mwana wa mwenye timu. Fundi wa jezi wa Valmer angeichana kwa meno.

Lakini Mkenya je? Mkenya kalelewa na mpira wa Uingereza. Jumamosi ni Uingereza, Jumapili ni Uingereza, na huko kumi na sita anavaa yeyote. Hezron alipoagiza jezi za kufunika mzigo, alichagua namba iliyompendeza macho. Mjinga yule aliuza mpira wa Ulaya maisha yake yote na hakuwahi kuutazama.

Kumbe lori lilikuwa safi. Idara nzima ilikuwa inafukuza soksi za Wafaransa.

Mzigo ulikuwa ndani ya Hiace, na kichwa kilichopangiwa upanga ndicho hiki kinachocheka.

"Onesmus, nisikilize ndugu yangu," alisema polepole. "Umebeba dawa za kulevya. Kizuizi cha mbele hawatapiga selfi. Ukishikwa nazo utakatwa kichwa."

Onesmus alicheka. Halafu akaona mwenzake hacheki, naye akakunja uso. Alisema yeye hataki shida za watu. Bosi ana ikama yake, kile kibali cha ukaazi, na pasipoti yake, akikimbia ataenda wapi? Bora dada aendelee na safari yake. Akaondoka kwa hasira kuelekea vyooni, nyuma ya jengo.

Keziah akamfuata. Na mwingine akamfuata Keziah.

Protus. Mlinzi wa Hezron, shingo nene, miwani ya Ray-Ban, ameshuka kwenye Land Cruiser nyeusi iliyokuwa ikiifuata Hiace.

"Huyu mwanamke anakuuliza nini?"

Onesmus akaanza kubabaika. Protus hakungoja. Mkono ukaingia kotini, ukatoka na Glock. Akawaelekeza wote wawili ukutani.

Hilo lilikuwa kosa. Alimtazama mwanamume, akamwacha mwanamke pembeni.

Keziah alipiga hatua moja. Kifaa cha shoti ya umeme, kidogo kama kiberiti, kikagusa ile shingo nene. Protus akatetemeka, akaanguka kifudifudi, Glock ikateleza hadi miguuni mwa Onesmus.

Onesmus aliitazama bastola. Akamtazama Keziah. Hakuwa na swali tena. Akanong'ona jina la mkewe.

"Utamwita baadaye. Sasa shika miguu ya huyu."

Walimburuta hadi chooni. Pingu za plastiki, mkanda mdomoni. Mfukoni mwa Protus kulikuwa na pasipoti ya Onesmus na ikama yake. Keziah alimrudishia mwenyewe. Kisha akachukua Samsung ya Protus, akaifungua kwa kidole gumba cha mwenyewe, akaandika:

*Dereva ametoroka. Namfuata na gari la mtu. Endesha Hiace wewe, wateja wanangoja.*

Akatuma.

Ng'ambo ya uwanja wa kituo, ndani ya ile Land Cruiser nyeusi, Hezron Wasike alisoma. Kutoka kona ya jengo, Keziah alimwona akipiga usukani kwa ngumi. Alitazama jangwa, akatazama Hiace. Kuuacha mzigo hapo hakungewezekana, maana mabwana zake hawakuwa watu wa kusamehe. Na vizuizi vyote vya nyuma si walipita kwa selfi?

Akashuka. Akaingia kwenye Hiace. Funguo zilikuwa humo humo, kama alivyowaamuru madereva wake siku zote.

Akaondoka.

Keziah alipiga simu kwa afisa wa Saudia aliyeshirikiana naye. "Liacheni lori. Shikeni Hiace inayofuata. Na chooni hapa kituoni nimewaachia mwingine."

"Moraa!" Naftali sikioni. "Nani amekupa ruhusa? Dereva wa Hiace ni nani?"

Keziah alichomoa kidude sikioni, akakitumbukiza kwenye kikombe cha chai ya maziwa ya mtu.

Kizuizini Camry ilipita taratibu. Onesmus alikuwa amelala sakafuni nyuma ya viti, amefunikwa abaya ya akiba. Mbwa wawili walikuwa juu ya maboksi, jezi zimetapakaa barabarani, na kutoka kwenye mikunjo yake vidonge vikimwagika kama mtama. Hezron alikuwa amepiga magoti kwenye lami, mikono kisogoni.

"Mimi dereva tu!" alikuwa analia. "Wallahi mimi dereva tu, sijui kitu!"

Ni maneno yale yale waliyolia wale wawili walioko gerezani. Wao hawakusikilizwa. Naye hakusikilizwa.

Onesmus aliyasikia pia, kule chini. Alilia kimya kimya hadi majengo ya Riyadh yalipoanza kuonekana.

Keziah alimshusha kwenye lango la ubalozi wa Kenya, mikononi mwa mwanamke aitwaye Rosebellah, ambaye hakuwa mtu wa kuuliza mengi. Tiketi ya nyumbani ilikuwa ya jioni ile. Onesmus alitaka kushukuru. Alimshika tu mkono, akaung'ang'ania, mpaka Keziah akautoa mwenyewe.

Simu ilimkuta mtaa wa Batha, katikati ya wauza mashati na foleni za kutuma pesa.

"Wasaudi wamefurahi," Naftali alisema, kwa sauti ya mtu aliyekula limau. "Lakini kulikuwa na dereva. Nataka jina lake kwenye ripoti."

"Hezron Wasike, afande. Alikutwa kwenye usukani, na amekiri mbele ya kizuizi kizima kwamba yeye ni dereva."

Naftali alisonya.

"Na wale wawili wa gerezani," Keziah aliendelea, "wakili wao aonane na Hezron kesho, aseme ni nani aliyewapakilia mzigo. Usipompeleka wewe, nitampeleka mimi."

Akakata. Akatoa laini, akaivunja, akaitupa kwenye pipa la taka. Kisha akarekebisha mtandio na kuvuka barabara kwenda kutafuta chakula.