Picha ya Mjane wa Ruaruke

Haya yalimkuta rafiki yangu Zefania, mwaka 2002, alipokuwa akipanga kurasa za tovuti ya gazeti moja Dar. Makala mojawapo ilihusu mafuriko. Picha yake ilikuwa ya Mwanamina, mjane wa Ruaruke, mkono ameulaza juu ya kaburi la mumewe.

"Baba, usije ukamkata mume wangu," alimsihi mpiga picha, na ombi hilo lilimfikia Zefania.

Zefania akalikata kaburi, likatoka kwenye picha. "Linachafua ukurasa," aliniambia. Tukacheka wote, na ndilo linaloniuma.

Baadaye akapita Ikwiriri, akaifungua makala kwenye chumba cha intaneti chenye giza, madirisha yamezibwa. Picha ikashuka polepole, mstari kwa mstari. Mgongoni kwake, penye ukuta mtupu, akasikia jembe likichimba.

Picha ikakamilika. Kaburi lilikuwapo lote. Aliyekatwa ni Mwanamina; umebaki mkono wake tu, juu ya udongo.